Nilipoanza Kuiogopa Ardhi

Kazi yangu ilikuwa kupanda nguzo za simu. Tangu ujana wangu, kabla ya uhuru na miaka mingi baadaye, nilitengeneza waya kando ya barabara ya Mombasa, kutoka Makindu kushuka hadi Kambu. Nilivaa vyuma vya kupandia miguuni na mkanda wa ngozi kiunoni, nikakaa kule juu upepo ukinitikisa, mkono mmoja ukishika koleo na mwingine ukishika mkate. Nilimwona mwenzangu akianguka akafa. Mimi sikuanguka hata siku moja. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba ugonjwa ninaotaka kuueleza ulimpata mtu aliyezaliwa mwoga.

Ninauita ugonjwa kwa sababu sina jina lingine. Kama wewe nawe siku hizi unatembea ukishika ukuta, na hujamwambia mtu, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako.

Nilistaafu katikati ya miaka ya themanini nikarudi Mbooni kwa mke wangu, Kalondu, ambaye alikuwa amelea watoto na kulima shamba peke yake miaka yote niliyokuwa barabarani. Shamba letu liko kwenye mteremko. Nyumba iko juu, jikoni ubavuni mwake, choo chini kidogo karibu na migomba, na mto chini kabisa. Kanisa liko ng'ambo, kwenye mgongo wa kilima kingine. Huku kwetu huendi mahali popote bila kupanda au kushuka.

Mara ya kwanza nilianguka miaka kadhaa baada ya kustaafu, wakati wa mvua za Novemba. Nilikuwa natoka kuangalia matuta kama maji yameyabomoa. Udongo mwekundu ulikuwa umelowa, mguu ukateleza, na kabla sijajua nimelala chali kwenye maharagwe ya tuta la chini, nikiangalia mawingu. Sikuumia. Nilipofika nyumbani nimejaa matope mgongoni, Kalondu alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka. Tuliona ni jambo la kuchekesha tu.

Baada ya Krismasi, rafiki yangu Nzioka alianguka. Tulikuwa rika moja, tulichunga mbuzi pamoja tukiwa watoto. Hakuwa mteremkoni wala kwenye matope. Alikuwa mlangoni pake asubuhi, akifungulia mbuzi, akajikwaa kwenye kizingiti alichokivuka maisha yake yote. Nyonga ikavunjika. Walimpeleka hospitali, wakamrudisha, wakamlaza kwenye chumba cha nyuma.

Nilikuwa nikimtembelea kila wiki. Mwanzoni alizungumza habari za bei ya machungwa na za mchungaji mpya. Baadaye akawa anasikiliza tu. Chumba kilikuwa na harufu ambayo mkewe alijaribu kuiondoa kwa dawa ya kuosha sakafu, lakini ilibaki. Visigino vyake vilitoboka vidonda. Siku moja aliniambia nifunue blanketi.

"Angalia hiyo miguu," akasema. "Hiyo ni ya nani?"

Nilitazama. Ilikuwa miembamba kama ya mtoto aliyeshikwa na njaa, ngozi ikining'inia. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akibeba gunia la mahindi kutoka mtoni bila kupumzika. Nikamfunika, nikamwambia atapona.

Tulimzika kabla maharagwe ya mvua za Machi hayajavunwa. Wakati wa kurudi kutoka mazishini, nilifika pale njia inapoanza kushuka kuelekea kwangu, na miguu ikakataa. Sijui niseme vipi. Haikuwa inauma. Nilitazama ile njia niliyoizoea na nikauona mwili wangu tayari umelala pale chini, mguu mmoja umepinda. Jasho likanitoka. Nilishika mparachichi wa jirani nikasimama hapo, watu wakinipita, wakidhani ninaomboleza.

"Baba Mumbua, twende," Kalondu akasema.

"Tangulia," nikamwambia. "Nakuja."

Alipopotea kwenye kona, nilikaa chini nikateremka kwa matako, mzee mzima mwenye koti la mazishi.

Tangu siku hiyo hofu ikawa inaishi nasi. Asubuhi niliamka nikiwa nayo. Nilianza kupima kila kitu kwa macho: kizingiti, mkeka uliokunjika ncha, kuku aliyelala njiani. Niliacha kwenda mtoni, halafu nikaacha kushuka kwenye matuta, halafu nikaacha kanisa. Kila Jumapili nilimwambia Kalondu tumbo linanisumbua. Choo nilienda mara moja tu kwa siku, jua likiwa juu, na ili nisiende zaidi nikaacha kunywa maji. Mkojo wangu ukawa mweusi kama chai ya rangi. Mabega yakaanza kuinama kwa sababu nilitembea nikitazama chini. Suruali zikalegea. Nilipokaa kwenye kiti, nilihitaji kujisukuma kwa mikono yote miwili ndipo niinuke, na kwa hiyo nikawa siinuki.

Jambo la kutisha ni kwamba kila nilipojilinda, nilizidi kuogopa. Ua wangu ukawa mkubwa. Kutoka mlangoni hadi jikoni kukawa safari.

Binti yetu Mumbua alikuwa mwalimu huko Wote. Alikuja likizo ya Agosti, akanikuta nimekaa ndani mchana kweupe na blanketi magotini.

"Nau, unaumwa?" akaniuliza. Nau ni baba kwa Kikamba, na mwaitu ni mama.

"Hapana. Napumzika tu."

Alimtazama mama yake, nao wakatoka nje. Niliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini karibu na dirisha. Mumbua alikuwa akisema, "Mwaitu, akianguka hapa, nani atamshusha mpaka barabarani? Usimwache atoke. Afadhali akae."

Sikukasirika. Nilifurahi, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Wiki iliyofuata, Kalondu alipojiandaa kwenda sokoni, nilimwambia mwenyewe, "Funga mlango kwa nje. Siku hizi kuna wezi."

"Na wewe uko ndani?"

"Funga tu. Sina mahali pa kwenda."

Alisimama na kufuli mkononi muda mrefu. Kisha akafunga. Niliposikia chuma kikilia, nilipumua kama mtu aliyetua mzigo. Mlango ukiwa umefungwa, hakuna mtu angeniuliza kwa nini sitoki.

Ikawa desturi. Siku ya soko, siku ya kulima, siku ya kikundi cha akina mama, kufuli.

Siku niliyoanguka ilikuwa ya soko, katikati ya kiangazi, majani yote ya mahindi yamekauka na upepo unavuma vumbi. Kalondu alikuwa ameteleka isyo jikoni, mahindi na maharagwe yanayochukua muda mrefu kuiva, akasukuma kuni vizuri, akafunga, akaenda. Nilitaka kuchukua miwani yangu mezani. Meza ilikuwa karibu hivi kwamba mtoto anayetambaa angeifikia. Nikainuka, magoti yakatetemeka, yakakunjika tu yenyewe. Sikuteleza. Sikujikwaa. Nilianguka kwenye sakafu kavu ya saruji, ndani ya nyumba yangu, mahali nilipojificha ili nisianguke.

Mkono wa kulia uliniuma mpaka nikaona giza. Nilipotulia nilijaribu kuinuka, nikashindwa. Nilijaribu tena. Miguu ilikuwa mizima, niliihisi, lakini haikuwa na kitu ndani yake. Nilikuwa nimelala ubavu, shavu kwenye saruji, nikiona vumbi chini ya kabati na kipande cha sabuni kilichopotea zamani. Nje watu walipita wakielekea sokoni wakizungumza. Niliita. Sauti ilitoka nyembamba, nao wakapita.

Nilimwona Nzioka. Sisemi niliona mzimu. Niliona chumba chake cha nyuma, na mimi nimo.

Kisha nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kwanza nilidhani ni isyo imekauka sufuriani. Lakini harufu ikabadilika, ikawa ya nyasi, na moshi ukaanza kuingia kupitia nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati. Jikoni yetu ilikuwa imeezekwa kwa nyasi, na upepo wa kiangazi ulikuwa ukielekea nyumbani. Nilisikia moto wenyewe, ule mlio wa kutafuna.

Sijui nilifikaje mlangoni. Nakumbuka nilijivuta kwa kiwiko cha kushoto, mkono wa kulia ukiburutika kama kitu kisicho changu. Nilipiga ubao wa chini wa mlango kwa ngumi. Nilikohoa, nikapiga tena.

"Uuui! Moto!" Ilikuwa sauti ya Syombua, mjane ambaye shamba lake linapakana na letu. Nilisikia ndoo, nilisikia jembe likivuta nyasi kutoka paani, nilisikia watu wengine wakikimbia. Kisha hatua zikasimama mbele ya mlango.

"Nani ako ndani?"

"Ni mimi, Baba Mumbua!"

"Fungua basi!"

"Imefungwa kwa nje."

Moto uliendelea kulia.

"Nani amekufungia?" Syombua akauliza.

Nikapiga ubao tena. Aling'oa kufuli kwa jembe.

Walinibeba kwenye kiti mpaka barabarani, vijana wakibadilishana, na pikapu ya mwenye duka ikanipeleka hospitali ya misheni huko bondeni. Kalondu alitukuta njiani akitoka sokoni, kikapu kichwani. Alipanda nyuma ya gari. Nusu ya jikoni ilikuwa imeungua. Moto haukufika nyumbani. Njia nzima alikuwa akinifuta masizi usoni kwa leso yake, na kila alipomaliza alianza tena.

Mkono ulikuwa umevunjika karibu na kiganja. Wakaufunga plasta. Daktari alitazama picha za nyonga na miguu, akazirudia kuzitazama.

"Miguu haina shida ya mifupa," akasema. "Imeisha nguvu tu. Mzee, nyumbani unatembea kiasi gani?"

Nilifungua mdomo, lakini Kalondu alinitangulia. "Hatembei, daktari. Mimi namfungia."

Aliyasema hayo akitazama sakafu. Ilibidi niseme mimi mwenyewe kwamba nilimwomba. Hapo, mbele ya mtu tusiyemjua, ndipo mke wangu alipojua kwa mara ya kwanza kwamba naogopa kuanguka. Alinishika kidole kimoja cha mkono mzima, akakaa hivyo.

Nilirudi hospitali hiyo mara nyingi mwaka huo, kwa ajili ya plasta na baadaye kwa mazoezi. Ukumbi wa kungojea ulikuwa na benchi ndefu za mbao zilizong'arishwa na makalio ya watu. Siku ya kwanza ya kurudi, niliketi karibu na mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, mwembamba, amejifunika buibui. Alinitazama sana.

"Wewe si yule wa nguzo za simu?" akaniuliza.

Nilimtambua kwa sauti. Alikuwa Bi Zuhura wa Makindu, ambaye sasa aliishi kwa mwanawe huku bondeni. Mumewe, mtu wa asili ya pwani, alikuwa na hoteli ndogo karibu na stesheni, na nilikunywa chai pale miaka mingi. Namkumbuka Bi Zuhura akibeba debe la maji kila mkono, akiwagombeza wateja wasiolipa.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Umeanguka?"

"Mara moja tu, tena sikuvunjika. Lakini tazama." Alifunua buibui kidogo. Kiunoni alikuwa amefungwa kwenye kiti kwa leso, fundo limekazwa nyuma asikoweza kulifikia. "Mwanangu huyo. Usimdhanie vibaya, ananipenda. Anakwenda dukani, anaogopa nitainuka. Sasa mwaka umepita. Mwambie anifungue, baba. Nataka kwenda msalani kwa miguu yangu. Mimi nikimwambia, huniona nadeka."

Mwanawe alirudi na karatasi za dawa. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, macho yamechoka. Nilimsalimia, nikamwambia alivyonituma mama yake. Hakukasirika.

"Mzee," akasema, "na akianguka nikiwa sipo? Nitaishi vipi na hilo?"

Upande wangu wa benchi alikuwa ameketi Kalondu, na nilijua ndilo swali lake pia. Jina la Bi Zuhura likaitwa. Aliposukumwa kupita, alinitazama kama mtu aliyemwachia mwenzake ujumbe akaona haukufika.

Niliporudi tena, plasta ikiwa inatolewa, mwana wa Bi Zuhura alikuwa pale mlangoni peke yake. Alikuwa amekuja kukirudisha kile kiti cha magurudumu. Kilikuwa kimeoshwa vizuri.

"Pole," nikamwambia.

"Hakuanguka tena," akanijibu. "Hata mara moja." Kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili, na nikamkalisha kwenye benchi.

Siku hiyo, tukiwa tunarudi, nilimwambia Kalondu kwamba kufuli lile sitaki kuliona tena nyumbani. Alisema ameshalitupa chooni, mara tu tuliporudi baada ya moto.

Sasa niseme juu ya mazoezi, maana wengi watataka kujua. Hayakuwa na ajabu yoyote. Dada wa hospitali alinifundisha kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono na kukaa tena, mpaka mapaja yawake moto. Alinifundisha kusimama kwa mguu mmoja nikishika meza. Halafu akanilaza sakafuni, akanifundisha kuinuka kutoka chini: geuka ubavu, jisukume kwa kiwiko, piga magoti, shika kigoda, weka mguu mmoja mbele, pumzika, simama. Nililia mara ya kwanza niliyofika juu. Sioni haya kuandika hivyo.

Nyumbani, tatizo lilikuwa Kalondu. Hakuweza kunitazama nikiwa sakafuni. Nikilala chini tu, alikimbia kunishika kwapani.

"Niache," nilimwambia.

"Siwezi! Nikikuona hapo naona ule moshi!"

Tuligombana vibaya kuliko miaka yote ya ndoa yetu. Mumbua naye alikuja, akasema amepata chumba huko Wote, pasipo na mteremko, nikakae naye, na kwamba dada yake wa kanisa atakuwa akinitazama mchana. Nilimwuliza, "Nitafanya nini humo chumbani?"

"Utakuwa salama, Nau."

Kalondu ndiye aliyemjibu. Alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua macho. "Mumbua, baba yako nilimfungia hapa akawa salama. Alikuwa anakufa nami nasema yuko salama. Mwache."

Mumbua alilia, akaondoka bila kunywa chai. Ilichukua muda kabla hajaja tena, na hata leo tukizungumza habari hiyo sauti yake hubadilika. Simlaumu. Anayempenda mtu mzee naye ana hofu yake.

Kuanzia hapo, nilipofanya zoezi la sakafuni Kalondu alitoka nje, akasimama ameupa mlango mgongo, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ili asisikie nikihema. Mvua za Novemba zilipokuja nilikuwa nafika chooni peke yangu. Syombua alichimba ngazi kwenye mteremko akazishikilia kwa mawe, bila mtu kumwomba. Mvua za Machi zilipokwisha, nilifika mtoni, nikakaa juu ya jiwe, nikanawa uso.

Usidhani hofu iliondoka. Ipo. Kuna asubuhi ninaamka nayo kabla sijatoa mguu kitandani, na ninaona ile sakafu inaningojea. Ninajua nitaanguka tena, na ninajua kuna siku nyonga itavunjika kama ya Nzioka. Sikupata dawa ya kuniondolea hilo. Ninachofanya ni kuinuka nikiwa nayo.

Kanisani nilirudi mwezi wa kumi na moja, mwaka mmoja na kidogo baada ya moto. Ilituchukua muda mrefu kufika, tukisimama kila mahali penye kivuli. Watu walinishangilia kama aliyetoka vitani. Ibada ilipokwisha tukatoka uani, nikigeuka kumsalimia mtu, ncha ya kiatu ikagonga jiwe, nami nikaenda chini mbele ya kanisa zima.

Wanawake walipiga kelele. Niliona viatu vikinikimbilia kutoka kila upande.

"Ngojeni!" nikasema. "Msinishike. Kalondu, waambie."

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akasema, "Mwacheni. Anajua."

Viatu vikasimama. Nilihisi goti, nikahisi nyonga, nikahisi mkono. Kila kitu kiliuma na hakuna kilichovunjika. Niligeuka ubavu. Hakukuwa na kigoda, kwa hiyo nilishika ukingo wa ngazi ya kanisa. Ilikuwa polepole. Niliposimama, mchungaji alikuwa anafuta macho na Kalondu alikuwa mweupe midomo. Alikuja, akanikung'uta vumbi kwenye koti kwa nguvu, kama anayenipiga.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi twende. Mvua hiyo."

Ilikuwa kweli. Matone makubwa ya kwanza yalikuwa yanaanguka, yakiacha madoa meusi kwenye udongo mwekundu, na muda si mrefu njia yote ingekuwa inateleza. Watu walitaka tungoje ndani ya kanisa mpaka ikatike. Nilitazama kule chini, ule mteremko mzima mpaka mtoni na mlima wa kwetu ng'ambo, na hofu ikaja. Nikashika mkono wa Kalondu, tukaanza kushuka.